Mama Jordy Nyuma ya Kiti

Jumanne, tarehe 3 mwezi wa tatu

Gamaliel alikuja kuchagua batu wa filme yake. Akachagua nyumbani kwangu! Hapana mimi. Jordy, mutoto wangu. Na mama yake ndani ya filme ni Joyeuse wa korali yetu ya kanisa, ambaye hajazaa hata panya. Niliuliza sababu gani hapana mimi, mama mwenyewe. Alisema niko na uso wa kuchoka. Mais ule mama wa filme naye si amechoka? Ndiyo, alijibu, lakini Joyeuse anachoka vizuri.

Jumatano, tarehe 4

Filme tunaichezea hapa kwetu Mususa, Butembo, kwa jirani yangu Orpa. Joyeuse alibeba Jordy kama mufuko wa viazi vya Lubero. Jordy akalia. Tena akalia. Mwisho Gamaliel aliniamuru nijikunje nyuma ya kiti, niimbe polepole wimbo wangu wa Kinande. Niliimba. Jordy kimya! Bote bakasema Joyeuse ana moyo wa mama. Sauti yangu eti batafunika na piano. Magoti yananiwaka.

Ijumaa, tarehe 6

Nimepata akili! Nimeanza kupiga video na telefone yangu, pale pale nyuma ya kiti. Joyeuse akisahau maneno, ninayo. Joyeuse akijipaka kitunguu juu ya kutoa machozi, ninayo. Batu bakiona, batajua mama ni nani, na filme inayokuja ni yangu. Gamaliel alicheka. Alisema hakuna mutu wa kuingia salle ya filme juu ya kuangalia miti inayoshika mataa. Nilijibu ndiyo, directeur. Nikaendelea.

Jumapili, tarehe 12 mwezi wa nne. Beni.

Salle ya paruasi, pale kanisani, imejaa. Filme ikaanza, sauti ikakufa! Batu bakapiga miluzi. Gamaliel jasho tupu. Nikamupa telefone yangu: onyesha hii, fundi atengeneze. Moyoni nilisema, Joyeuse, leo ni leo.

Salle ilicheka mpaka benchi zikalia. Joyeuse anasahau maneno: makofi. Kitunguu kinamuingia macho kweli, anakimbia kutafuta maji: basimama! Muke wa mwalimu mumoja kutoka Kasaï, jirani yangu pale benchi, akapangusa machozi. Eti, "Maskini ule dada, anateseka na mutoto ambaye hapana wake!" Nilimuuliza kama alisikia anayeimba. Alisema, "Ile si redio?"

Sikuonekana. Hata kidole. Nani alikuwa anashika telefone? Mimi.

Jumatatu, tarehe 13

Kurudi Butembo, Gamaliel alikuja kukaa karibu yangu ndani ya gari. Nikatengeneza kitambaa kichwani. Alisema filme yake imekufa, mais video zangu zinafaa kuliko filme. Batu banapenda kuona kazi inavyofanyika, kumbe! Alisema filme ya pili ana kazi kwangu. Nikauliza nitavaa nini.

Kazi ya kushika telefone. Nyuma ya kiti.

Joyeuse, kwa ule mudomo wake wa asali: "Mama Jordy, unapigaka video muzuri!"

Jumanne, tarehe 14

Jordy alikataa bouillie, uji wake. Nikamuwekea ile video. Joyeuse, Jordy alimuangalia kidogo tu. Sauti yangu ilipoanza kuimba, akapindua telefone na kutafuta huku nyuma. Akaipapasa. Akaipindua tena, akatafuta. Nilimukemea: achia, papa, utavunja! Nikamurudishia upande wenye picha. Akalia. Nikamubeba, akanyamaza. Mutoto hajui hata filme inaangaliwa upande gani.

Mais nimepata akili ingine. Safari hii, nikiwa napiga video, Orpa naye atanipiga video mimi, na telefone yake. Nimemuonyesha pa kujificha, nyuma ya kabati. Amekubali. Ameuliza tu, yeye naye ataonekana wapi?

Nimecheka sana. Orpa, mama yangu, nani anataka kuangalia mutu wa nyuma ya kabati?