Hotuba ya Bima ya Jicho la Baba Yako

Mwanangu Marhoon, baada ya salamu na dua, hii ndiyo hotuba niliyoitoa hapa nyumbani Mabela jana baada ya alasiri. Nakuandikia yote, na makofi yake. Isome mpaka chini, maana kazi yako iko chini.

Mheshimiwa Bwana Zahor, mstaafu, mume wa mgeni rasmi ambaye ndiye mimi, mwenye ukungu katika jicho la kulia na shaka katika la kushoto. Mheshimiwa Shaikha, binti yetu, aliyeshika simu hata sasa nnapomtaja. Mheshimiwa Noof, mke wa Marhoon, aliyechoma ubani mpaka mkutano ukakohoa. Mheshimiwa Bi Sabah, jirani, aliyekuja kuomba bizari tukamzuia awe ndiye umma (umma unaomba kikombe cha pili cha kahawa). Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Uthibitisho wa Bima, nnasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao mtu mwengine asingeuweza. Kama mnavyojua, mwanetu Marhoon, aliyeko Duqm, anaacha kazi Alkhamisi hii, na kazi mpya anaianza mwanzo wa mwezi, na baina ya kazi na kazi pana siku kumi na mbili ambazo mtu hana bosi wala kadi ya bima. Na daktari wa macho, kwa hekima zake, ametupa Jumapili ya kulipasua jicho, yaani ndani ya lile shimo lenyewe. (Bwana Zahor anaguna.)

Suala hili, ndugu zangu, Kamati imelishughulikia kwa mujibu wa taratibu, kanuni, miongozo na mambo mengine yanayofanana na hayo, kwa kufanya mawasiliano ya ngazi ya juu na Bwana Muatasim wa ofisi ya wafanyakazi ya kazini kwa Marhoon, kule Ruwi, ambaye alinieleza kwa dakika arubaini kwamba faili liko kwenye sistimu, sistimu inasubiri apruvali, na apruvali inasubiri faili. (Bi Sabah anasema lahaula.)

Naomba nitaje mafanikio. Katika miaka mitatu ya uongozi wangu, kadi zote za bima za nyumba hii nimezihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti, zimeviringishwa kwenye leso, zisichakae wala zisiishe, na takwimu zinaonesha matumizi ni sufuri, maana yake tumeokoa asilimia mia moja ya bima, jambo ambalo sidhani kama lishafikiwa na nyumba yoyote baina ya hapa na Darsait. (Makofi. Shaikha anainua mkono, anasema bima haiwekwi akiba kama sukari ya Ramadhani. Kazi ikiisha nayo inaondoka, iliyotumika na isiyotumika.)

Mwenyekiti ameupokea mchango huo. Mwenyekiti alidhani ni kama kadi ya kuongeza salio. Ndiyo sababu mafua tuliyatibu kwa tangawizi, mgongo kwa mafuta ya habasoda, na jicho la Bwana Zahor kwa kuliambia litapoa, mpaka mwezi uliopita aliponipokea mlangoni kwa heshima zote, akinikaribisha ndani na kuniuliza hali ya watoto wangu, akidhani mimi ni Bi Sabah. (Vicheko. Bi Sabah anasema yeye mwenyewe hajawahi kukaribishwa hivyo.)

Hapa, mwanangu, baba yako akasimama, na hili si la mzaha. Akasema, "Mimi siingii hospitali kwa bima ya kazi aliyoiacha mwanangu. Ni kama kwenda kula kwa wakwe ukishatoa talaka. Bili ikija itamwangukia yeye, na siku hizo hana mshahara. Nioneshe karatasi, Shariffa, au siendi."

Waheshimiwa, serikali ya nyumba hii ni sikivu. Karatasi hii hapa. (Mwenyekiti anainyanyua juu, inaonekana muhuri.) Uthibitisho umetoka, umetiwa saini, umepigwa muhuri, na utekelezaji ni Jumapili saa mbili asubuhi. Nnaahidi kwamba kufikia Jumatatu Bwana Zahor ataona. Kufikia mfunguo mosi atasoma msahafu mwenyewe bila ya kusomewa na Shaikha anayeruka mistari. Na kufikia mwaka elfu mbili na thalathini atamtambua mkewe kwa umbali wa mita hamsini. (Noof anapiga vigelegele.)

Jicho, lifunguke. Mkebe, ufunguke. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Wakapiga makofi, nikakaa. Shukrani zilizobaki sikuweza kuzisema mbele ya watu, nakuandikia wewe. Nnaishukuru Kamati, ambayo haipo. Nnamshukuru Bwana Muatasim, ambaye hakuthibitisha kitu, na amesema hatojibu mpaka mfanyakazi mwenyewe aulize, yaani wewe. Na nnaishukuru karatasi, ambayo ni warantii ya friji, nayo muda wake ulikwisha zamani.

Baba yako aliomba aishike. Akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali, akasema, "Wameandika vizuri." Nikatamani ardhi inimeze. Kisha akaikunja taratibu akaitia mfukoni mwa dishdasha, kanzu aliyoiweka ya kwendea hospitali, na anasema Jumapili atamkabidhi daktari kwa mkono wake.

Basi mwanangu, kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi, waulize swali moja tu: bima inakatika Alkhamisi, au inafika mwisho wa mwezi? Wakuandikie kwa karatasi, na jina la baba yako liwemo. Kama inakatika niambie kweli, tutaomba siku nyengine, na baba yako nitamwambia mwenyewe nilichofanya. Usipige simu ya nyumbani, anapokea yeye. Mpelekee Shaikha jibu kwenye simu yake. Ila fanya upesi, leo ukiweza, maana dishdasha nimeshaambiwa niipige pasi, na kila nikiichukua anauliza kama karatasi yake ipo.

Mama yako, Shariffa.