Pampu ya Pijo kwa Maksai Mmoja

Inosenti alikuwa kwenye hoteli moja pale Karatu, akinywa chai kavu bila kitafunwa, aliposikia kwamba Tluway wa Mbulumbulu amenunua Pijo ya mbio, yenye injeksheni, kwa mzungu aliyekuwa akilima ngano, nayo imegoma kuwaka. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Mtu wa kazi yake, fundi wa mdomo, akisikia gari limelala, yeye huamka.

Mchana alikuwa Mbulumbulu, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi, kichwa ndani ya boneti. Ugonjwa aliuona mara moja: makapi ya ngano yameziba chujio la petroli. Kazi ya kupuliza tu. Lakini kinywa cha Inosenti hakikuumbwa kwa kupuliza.

"Mzee Tluway," akasema kwa sauti ya msibani, "pampu ya injeksheni imekwisha."

"Hiyo ni ya kiwandani. Mzungu aliniasa nisiibadilishe kamwe."

"Mzungu si amekwenda kwao? Ya kiwandani ni kama mke wa kwanza, mzee. Mwaminifu, ila kachoka. Siku hizi kuna za kubadilishia, kazi ya kampuni nyingine kabisa. Hazili petroli, na mlimani ni kali. Ninayo moja mkobani."

Antonia, mke wa kwanza na wa pekee wa Tluway, alikuwa akipepeta maharage hapo kando. "Na huyo mke mpya, anapiga kelele?"

"Hapigi, mama."

"Basi nyumba hii hataiweza."

Bei Inosenti alikwisha kuichagua zizini: maksai mweupe, nundu imejaa, akamwonyesha Tluway kwa kidole. Huyo angemlisha chapati mpaka Krismasi.

Akajifungia bandani na pampu. Mkobani hamkuwa na pampu nyingine. Mlikuwa na mafuta ya taa, brashi na rangi ya fedha. Akaiosha ile ile, akaipaka, akairudisha. Chujio nalo akalipuliza, maana hata uongo unahitaji petroli. Pijo ikanguruma, kuku wakaruka.

Antonia akaja kuigusa pampu mpya. Rangi ikamganda kidoleni. Akatazama kidole, akatazama kibonyeo pale mumewe alipoipiga juzi kwa mpini wa jembe, akajifuta kwenye kanga.

"Nzuri," akasema, akamwita mumewe jikoni.

Inosenti alipendezwa. Watu wenye adabu hawajadili bei mbele ya mgeni.

Tluway alirudi mpole kuliko maziwa. "Mchukue yule mweupe. Ila mnadani Karatu watakupunja. Mpandishe mpaka getini Ngorongoro, hoteli za juu zinatafuta nyama."

Alfajiri Inosenti akashika fimbo. Maksai akala mahindi ya watu, akalala barabarani mbele ya lori. Inosenti akambembeleza kwa maneno yale yale aliyouzia watu saa zisizo na mashine. Maksai hakununua.

Jioni akafika getini, mgongo umepinda. Pijo ilikuwa imeegeshwa pale, Tluway na Antonia wakitafuna mahindi ya kuchoma. Pamoja nao alisimama Mmasai mrefu, Metui, rafiki yao wa miaka mingi. Akalishika sikio la maksai, akaupapasa mkato.

"Ndiye. Alama yangu hii. Umenenepa, baba," akamwambia maksai.

"Mzee, huyo ni wangu," Inosenti akasema. "Nimelipwa na mwenye zizi."

Metui akacheka taratibu. "Rafiki, wewe si wa huku. Kumwona ng'ombe zizini si kumjua mwenyewe. Sisi huwekeana mifugo. Tluway alikuwa analimia tu. Nilitaka maksai wangu arudi kabla ya sherehe ya wanangu, Tluway akaniambia hana wa kumswaga."

"Nikampata," Tluway akasema, akitema ganda la hindi.

"Nimechagua maksai mbele yako, ukakubali!"

"Ulichagua. Hukuuliza ni wa nani."

"Basi nipeni pampu yangu."

"Haki yako," Antonia akasema, akamfungulia boneti. "Chukua ile mpya. Ya kiwandani tuachie."

Inosenti akainama, akaona pampu moja tu, rangi ya fedha imeanza kubanduka. Kisha akauliza kama kuna nafasi garini ya kurudi nao Karatu.