Sampuli ya Kilio

Inatangazwa kwa heshima kubwa kwamba mwaka huu wa 1951, katika shamba letu la mkonge karibu na Mkumbara, tatizo la watoto kunyonya limemalizwa kabisa. Nina uhakika, kwa sababu muhtasari wa kikao niliuandika mimi mwenyewe, Karani Yordani, na mhuri ukagongwa.

Tatizo lilikuwa hili. Wanawake kumi na wawili walioanika nyuzi za mkonge uwanjani wote walikuwa na vichanga. Kila asubuhi walikimbia kambini kunyonyesha, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na kazi ikalala. Bwana Meneja, Mzungu mwenye masharubu na haraka, akaunda Kamati ya Maziwa ya Mama, yeye akiwa mwenyekiti. Wajumbe tulikuwa saba, wanaume watupu, ili pasiwe na upendeleo.

Kamati ikatoa Mwongozo. Kengele ya saa nne ikigongwa, mama atakamua maziwa kwa chombo cha kioo chenye mpira wa kubonyeza, kilicholetwa kutoka Tanga. Kimoja, kwa wote. Chupa itapelekwa kambini kwa baiskeli. Kifungu cha nne kilipiga marufuku kichanga kuonekana uwanjani, isipokuwa kwa shughuli rasmi za Kamati. Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza mimi, maana kila marufuku ya heshima huwa nayo.

Kengele ikagongwa. Mnyapara Sadala, mjumbe mwenzangu, akasimama mbele ya akina mama, saa mkononi.

"Haya, kamueni! Dakika kumi!"

Hakikupatikana hata kijiko cha maziwa. Mchana ule Stefania, mama wa Ernesti wa miezi mitatu, akanijia ofisini.

"Shikamoo, karani. Mtoto wangu anakonda. Wanampa uji, anautapika. Niruhusuni nikamnyonyeshe."

"Marahaba. Andika barua. Kamati itakaa."

"Sijui kuandika."

"Basi Kamati itakaa bila barua. Hiyo huchukua muda zaidi."

Nyuma yake akaingia Bibi Mwantumu, mkunga wa kutoka Handeni aliyelea watoto wale kambini. Hakubisha hodi.

"Yordani, mwanangu, ziwa halitishwi! Mama anawe mikono, ajikande kwa kitambaa cha uvuguvugu, akamue taratibu kwa vidole huku ananusa nguo ya mwanawe. Maziwa yakae kivulini, kwenye chombo safi chenye kifuniko. Na huyo Sadala mwondoeni pale!"

Ushauri huo haukuwa na kumbukumbu namba, kwa hiyo Kamati haikuweza kuusikia, ingawa aliutoa kwa sauti kubwa.

Siku ya tatu Stefania alirudi, mpole kama maji ya mtungini.

"Karani, Mwongozo wenu ni mzuri mno. Shida ni sisi. Maziwa hushuka mama akisikia mtoto analia. Kwa nini Kamati isiteue mtu wa kulia?"

Tulijadili saa mbili. Nikateuliwa mimi. Kwa siku mbili nililia uwanjani kwa bidii zote, hadi mbwa wa Bwana Meneja wakaitikia. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Maziwa yalitoka, lakini hayakufunika hata kitako cha chupa.

"Unalia kama mtu aliyefiwa," Stefania akaniambia bila kutabasamu. "Kila ziwa linajua kilio cha mwanawe. Mlete Ernesti hapa, awe sampuli."

Sampuli! Neno lile lilinikaa vizuri. Nikasoma kifungu cha nne, nikaridhika, nikaenda kumbeba mwenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko daftari langu la mahudhurio, na nilipoona hivyo nikaongeza mwendo. Tulipofika uwanjani akalia, na kabla sijatoa kalamu, kanga ya Stefania ilikuwa imeloa kifuani. Akaninyang'anya mtoto ili, alivyosema, "ahakiki sampuli." Alihakiki nusu saa nzima. Ernesti akalala ameshiba, nami nakiri niliona furaha ambayo haikuwamo katika ajenda.

Kesho yake sampuli zilikuwa kumi na mbili. Kwa kuwa shughuli ilikuwa ya Kamati, ilibidi zibebwe na Kamati. Wajumbe sita tukabeba wawili wawili. Mwenyekiti alikuwa Korogwe. Na siku hiyohiyo akatokea Bwana Mkaguzi wa kazi kutoka serikalini, bila taarifa. Alimtazama Sadala akiwa na mtoto kila bega. Akavua kofia. Akaandika kwamba hajapata kuona uongozi unaojali hivi, na kwamba utaratibu uendelee kila siku, mwenyekiti akiwa mstari wa mbele. Akapiga mhuri.

Bwana Meneja aliporudi aliisoma barua mara tatu. Mhuri ni mhuri. Tangu hapo kila saa nne huteremka uwanjani na Mikaeli mgongoni, mtoto mzito kuliko wote, na Bibi Mwantumu ndiye humfunga kanga, kwa kuwa mwenyekiti hajaweza fundo.

Mwezi wa tatu wa utaratibu huo nilimwendea Stefania. Alikuwa ameketi kivulini, Ernesti ananyonya, mashavu yamejaa.

"Mama Ernesti, migongo inatuuma. Bwana Meneja anaomba Kamati ipumzishwe."

Hakuinua macho.

"Andikeni barua. Akina mama tutakaa."

Niliiandika palepale, na Bwana Meneja akatia saini huku Mikaeli akimvuta masharubu. Hadi leo hawajakaa.