Ombi la Nyumba Kubaki Bila Wakazi

Freiburg, wiki ya pili ya Januari

Mheshimiwa Bi. Riehle,
Mwenyekiti, Kamati ya Vyeti vya Nyumba za Kijani

Naamini barua hii itakukuta umeketi mahali penye joto la kutosha na pasipovuja hewa. Mimi ni Eckhart Dilger, msimamizi wa mradi wa ile nyumba ya ghorofa nne inayojengwa na kikundi cha familia kumi na tatu, nyuma ya karakana ya zamani ya tramu. Nimeusimamia mradi huu tangu ukiwa mchoro wa penseli, na sasa kilichobaki ni cheti chako tu. Naandika kukuomba, kwa heshima zote, jambo ambalo nadhani hujawahi kuombwa: nyumba hii ipewe cheti, kisha ifungwe, asihamie mtu yeyote.

Tafadhali usiiweke barua pembeni. Sijalewa, mke wangu ameshaniuliza. Nimelitafakari ombi hili kwa utulivu, na sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Wakazi walianza kuiharibu nyumba kabla haijakuwepo. Katika kikundi chetu hakuna uamuzi unaopita mpaka wote wakubali. Msanifu wetu, Bi. Sütterlin, alipendekeza kuta zijazwe sufu ya kondoo, maana inatunza joto na kondoo wa milimani wapo tele. Bwana Vögtle, mwalimu wa muziki atakayekaa chini upande wa kushoto, akainua mkono. "Samahani," akasema, "kuna mtu aliyemuuliza kondoo?" Nilidhani anatania. Tulimjadili kondoo msimu mzima wa baridi, na wawili kati yetu walilia. Hatimaye tukachagua nyuzi za mbao, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuutetea mti. Mimi nilikuwa nikiomba asikumbuke mtu.

2. Mijusi. Siku tingatinga lilipokuja kuchimba msingi, alionekana mjusi anaota jua juu ya jiwe, naye alikuwa wa aina ile inayolindwa na sheria. Kazi ikasimama papo hapo. Ikabidi tujenge kwanza makazi yao upande wa kusini: mawe, mchanga, magogo mawili na jua la asubuhi. Sheria hiyo siipingi hata kidogo. Nataka tu kamati yako itambue kwamba mijusi ndio wakazi pekee waliohamia kwa wakati. Hawakubadili mawazo kuhusu rangi ya vigae, hawakuitisha kikao, na hawajawahi kunipigia simu Jumapili. Wangekuwa wote kama wao, nisingekuwa naandika barua hii.

3. Paka. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba nyumba ya namna hii haitakiwi kupitisha upepo hata chembe. Mashine iliyoko darini ndiyo inayotoa hewa iliyochoka na kuingiza safi, na joto la ile inayotoka huachiwa ile inayoingia. Ili kuthibitisha kwamba hakuna tundu, tunafunga feni kubwa mlangoni, tunavuta hewa na kusoma kipimo. Katika jaribio la kwanza kipimo kilionyesha kwamba tumejenga kikapu. Tukazunguka na moshi, na moshi ukatupeleka moja kwa moja mpaka kwa Bwana Vögtle, ambako tulikuta kimlango kimetobolewa ukutani, usawa wa goti. Nyuma yake ameketi paka wake, Fridolin, anatutazama kama sisi ndio wavamizi.

"Bwana Dilger," Vögtle akaniambia, wala hakuona haya, "mimi nimekubali kuishi ndani ya chupa. Fridolin hajakubali."

Tukaitisha kikao. Fridolin alihudhuria. Tundu likazibwa, na tangu siku hiyo Bwana Vögtle hunisalimia kwa kidevu.

4. Mama yangu. Hapa naomba uniwie radhi, kwa kuwa mtu hapaswi kumshtaki mzazi wake mbele ya kamati. Mama anaitwa Mechthild, ana miaka themanini na moja, na tangu baba afariki anaishi peke yake kule milimani katika nyumba ya mbao yenye jiko la kuni. Kuni anapasua mwenyewe. Niseme wazi kwamba mradi huu niliuingia kwa ajili yake. Makazi ya chini upande wa kulia niliyachora kwa mkono wangu, Bi. Sütterlin akayatia saini tu. Hayana ngazi, bafuni kuna mahali pa kujishikilia, na ukikaa mezani jikoni unawaona mijusi. Nilijisikia mtoto mwema sana.

Siku ya jaribio la pili nikamleta ayaone. Feni ikawashwa, kipimo kikashuka vizuri, kikatulia, mimi nikaanza kutabasamu. Ghafla kikaruka juu. Nikakimbia chumba hadi chumba mpaka nikafika kwa mama. Alikuwa amefungua madirisha yote mawili wazi kabisa, theluji inaingia, na juu ya kizingiti cha dirisha ameanika mfarishi wake wa kujifunika, wa manyoya ya bata, aliokuja nao kutoka kwake kwenye begi.

"Mama, tunapima hewa!" nikamwambia.

"Basi pimeni ya nje," akasema. "Hii ya humu imeshaoza."

Nikamweleza kwa upole kwamba kuna mashine inayoibadilisha usiku na mchana.

"Hiyo mashine imewahi kulala chumba kimoja na baba yako? Mimi nimelala naye miaka hamsini, mwanangu. Usinifundishe kazi ya dirisha."

Fundi wa feni alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, wala leo sicheki.

5. Maambukizi. Nilitegemea kikundi kinitetee. Badala yake, kikao kilichofuata kikageuka kuwa cha kuungama. Mmoja baada ya mwingine walikiri kwamba na wao kila asubuhi lazima wafungue madirisha yote, mvua inyeshe, theluji ianguke, hata kama ndani kuna mgonjwa wa mafua. Hasa kama kuna mgonjwa wa mafua. Walikuwa wamepiga kura kwa kauli moja tujenge nyumba isiyopitisha upepo, na kila mmoja alidhani wenzake watafunga madirisha ili yeye afungue lake. Nilikaa nikiwatazama watu hawa wenye elimu zao.

Ndipo nikachukua hatua ambayo kamati huenda ikaiona kali. Niling'oa vishikio vya madirisha yote na kuvifungia kwenye buti la gari langu. Milango inafunguka kama kawaida, sijawa mwendawazimu. Habari zikamfikia mama, nadhani kwa kupitia kwa Vögtle, akanipigia simu. "Siku utakayonirudishia mkono wa dirisha langu ndiyo siku nitakayohamia," akasema. "Kabla ya hapo niache na kuni zangu." Hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi. Tangu hapo mimi sijapiga kwa sababu nina haki, na yeye hajapiga kwa sababu ni mama yangu. Huko kwake theluji sasa inafika kwenye kizingiti, na sijui nani anamsafishia njia ya kwenda bandani kwenye kuni. Jambo hilo linaniuma, ila halihusiani na ombi langu.

6. Sasa nafika kwenye hoja yenyewe. Nimekaa na mahesabu yangu na nimeona kitu ambacho wataalamu wote wamekikwepa. Mbao zetu ni safi, rangi zetu ni safi, umeme wetu unatoka juani, maji ya mvua yanasafisha vyoo. Uchafuzi pekee uliobaki katika nyumba hii ni wakazi. Mkazi anapika supu, na supu inatoa mvuke. Anaoga. Anaanika soksi. Akilala anapumua, na akiamka anafungua dirisha. Mwondoe yeye, na nyumba inakuwa kamili kama ilivyokuwa kwenye karatasi. Kama lengo letu sote ni kuilinda dunia, sioni kwa nini tuishie katikati.

Sitaki familia zidhulumiwe. Majina yao yabaki kwenye kengele za mlangoni. Baiskeli zao zihamie, kwa sababu banda la baiskeli limeshapita ukaguzi na baiskeli hazipumui. Jumapili wanaweza kuja kuitazama nyumba yao kupitia vioo, wakiwa nje, na huko hewa ni tele. Vikao viendelee huko wanakoishi sasa. Najua hakuna awezaye kuvizuia.

Nitashukuru kamati ikinijibu mapema, maana wameanza kufunga mizigo.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na katibu wako mwenye sauti ya upole kwenye simu, na mkaguzi wa paneli za jua, ambaye alisahau skafu yake juu ya paa letu. Ninayo, nimeifua.

Wako katika kutunza joto,
Eckhart Dilger
Msimamizi wa Mradi

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimekwenda kwenye nyumba kusoma kipimo cha joto, nikikusudia kukiambatisha kama ushahidi. Nimekuta baridi kali. Tundu hakuna, mashine ni nzima. Nikampigia Bi. Sütterlin nikifoka. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Eckhart, hiyo nyumba karibu haina kitu cha kuipasha moto. Inapashwa na watu. Si wewe uliyepiga hesabu?" Ni kweli, ni mimi. Kila mkazi nimemhesabu humo kama jiko dogo, pamoja na supu yake na paka wake, na tazama, nimekuwa nikiomba majiko yote yazimwe. Baridi zaidi iko chini upande wa kulia. Nimesimama humo nikiwa na koti mwilini, hata mijusi hawaonekani, wamejilalia ardhini. Kwa hiyo barua hii yote naomba uipuuze. Vishikio nimevirudisha mahali pake. Vögtle alishika bisibisi, Fridolin akatusimamia. Kimoja sijakifunga, kiko mfukoni mwangu. Naondoka sasa hivi kwenda milimani kabla barabara haijafungwa, nikampe mama aje akifunge mwenyewe. Siku utakayokuja kukagua, ukikuta dirisha la chini liko wazi na mfarishi umening'inia nje, tafadhali andika kwamba nyumba inafanya kazi.