Pampu Niliyoilaza Kama Mzazi

Wenzangu wa Kigwa, leo nimeaibika. Nawaandikia mapema mpate habari kutoka kwangu, kabla haijawafikia kwa treni ikiwa imenenepa.

Mnamjua Petro, mjukuu wangu niliyemlea. (Mtakosaje kumjua, nimemsifu mpaka mkanikimbia kisimani.) Yeye ndiye mtunza bwawa la kuogelea kwa yule bwana mpya wa reli. Bwana huyu katoka nchi ambayo maji hugeuka jiwe kwa baridi na kupasua vyuma. Sasa upepo wa mwezi huu umempiga, anaamini hata Tabora maji yataganda. Kaagiza kila jioni pampu ya bwawa itolewe maji na kufunikwa magunia. Ikiharibika, alisema, Petro akatafute kazi kwingine.

Leo Petro kaamka na homa. Alasiri akajaribu kusimama, miguu ikakataa.

"Lala, mume wangu," nikamwambia. "Nitakwenda mimi."

"Bibi, ile si kazi ya utani."

"Nimezalisha nusu ya mtaa huu wa Isevya, nitashindwa kufunika chuma?"

Akanitazama kwa macho mekundu. "Fungua koki ya chini, maji yatoke. Funika magunia. Basi. Usiongeze kitu."

Nikajitanda kanga yangu mpya (ile nyekundu ya Pasaka), nikaenda. Nikamkuta bwana na memsahibu na wageni wao wanakunywa chai kando ya bwawa. Nikawasalimu vizuri, kama mtu mwenye kazi yake. Nikapita nyuma ya ua wa michongoma, pampu ilipo. Koki nikafungua. Maji yakatoka. Magunia nikafunika. Hapo ningerudi nyumbani, leo ningekuwa mtu.

Lakini nikaigusa. Ilikuwa baridi, jamani, kama miguu ya mzazi aliyejifungua akamwaga damu nyingi. Nami mzazi wa namna hiyo najua kumtunza: unamfunika, unamwekea kigae cha makaa chini ya kitanda, joto linampanda mpaka kwenye mifupa. Hakuna aliyenifia kwa baridi. Nikaona magunia matupu ni uvivu wa watu wasioijua baridi. (Bwana wa nchi ya maji ya jiwe, eti haijui baridi. Hayo ndiyo mawazo yangu.) Nikaenda jikoni kwa mpishi.

"Mama, makaa ya nini?"

"Ya mgonjwa."

Akanipa, tena akanipa na pole.

Nikasukuma kigae chini ya pampu, nikakaa pembeni kuisubiri ipate joto. Nilikuwa najisifu moyoni nilipoanza kunusa. Kwanza gunia. Halafu mpira. Mpira ukiungua haufichiki. Moshi mweusi ukapanda juu ya michongoma, ukawafuata wageni kwenye chai yao.

Nikavua kanga ya juu, nikaupiga moto. Kanga ikashika. Nikakimbia nayo kwenye maji, inawaka, mbele ya wageni wote. Nilikusudia kusimama ukingoni, wenzangu. Miguu iliendelea.

Maji yale nilitafuta chini yake, sikupapata. Bwana akaruka na viatu vyake, akanitoa kwa kunishika makwapani kama mtoto anayeogeshwa. Mimi, niliyekuwa nikiwacheka wazungu kwa kuoga hadharani.

Nimerudi Isevya nimejifunga taulo la memsahibu, la maua. Wauza mihogo waliacha mihogo yao wakasimama. "Shikamoo, bibi," wakasema kwa adabu sana, wakisubiri nipite ndipo wacheke. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Hayo nayaweza. Nisichokiweza ni hiki: Petro aliposikia alinyanyuka na homa yake, akaenda kwa bwana akitetemeka. Pampu yenyewe nzima, ila bomba lake la mpira limeyeyuka. Akapiga magoti kwenye majivu yangu akifunga bomba jingine, jasho linamtoka, bwana kamsimamia. Hajafukuzwa. Bwana kasema abaki, ila bibi yake asionekane tena getini.

Karudi sasa hivi, meno yanagongana. Nikaanza kumtengenezea kigae cha makaa cha chini ya kitanda. Akanitazama tu. Nikayarudisha jikoni, nikamfunika blanketi. Basi. Sikuongeza kitu.

Mkicheka, chekeni huko huko Kigwa. Hapa ndiyo kwanza amepata usingizi.