Mapacha wa Lebo ya Chini

Tarumbeta alifika kijiweni anahema, kahawa hajaagiza, akatangaza kwamba timu yetu imesajili washambuliaji wawili, tena mapacha. Redio imesema: wote wa kiume, wana nguvu, mapafu safi. Karatasi ilitoka kwenye printa ya klabu asubuhi, na msemaji wake, mtu asiyeweza kuona karatasi akainyamazia, akaitangaza.

Benchi likachangamka. Bibi Kahawa, anayetuuzia na kutusuta, akasema mwaka huu kombe litakuja kwa miguu yake. Tarumbeta akaanza kuwapanga uwanjani, mmoja kulia, mwingine kushoto, ili mabeki wadhani wanaona maruweruwe. Kinyozi peke yake hakucheka. Mkewe alipelekwa kujifungua alfajiri, na kila akipiga simu mapokezi ya hospitali anaambiwa taarifa ya wodini haijafika.

Mara simu ya Waya ikaita. Waya ni fundi wa kampuni inayobeba mawasiliano ya maofisi ya mji mzima. Alisikiliza, akasema "ndiyo bosi" mara nyingi kuliko kawaida yake, akafungua kompyuta mapajani.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akachukua gazeti, akabandika juu yake vikaratasi viwili, kimoja juu ya kingine. Akaeleza kwamba kila mzigo wa taarifa unaoingia kwenye njia yao hubandikwa lebo mbili namna hiyo. Mashine za njiani husoma ya juu tu, huibandua na kuweka nyingine ya kuusogeza mbele. Ya chini haziigusi. Karibu na mwisho, ya juu hutolewa kabisa, na mashine ya mwisho husoma ya chini, inayosema mzigo ni wa mteja gani.

Bibi Kahawa akataka kujua kwa nini wasiweke moja, yakaisha. Waya akamjibu kuwa wateja ni utitiri. Mashine za njiani zikilazimika kumjua kila mmoja zitaelemewa. Bibi akaridhika: hata dereva wa lori hajui gunia la nani, anajua ghala tu.

"Sasa jana nilikosea ya chini," Waya akasema taratibu. "Klabu na hospitali zinahudumiwa na mashine moja ya mwisho. Mzigo umefika salama, ila karatasi ya hospitali imetokea klabuni."

Kinyozi akasimama, kitana mkononi.

"Ya wodi gani?"

"Ya wazazi. Bosi anasema leo amejifungua mama mmoja tu."

Tukamgeukia Tarumbeta. Akarudia yote, pole pole: mapacha, wa kiume, wana nguvu, mapafu safi. Akaongeza maneno aliyoyaruka akidhani ni salamu tu: mama yao hajambo.

Bibi Kahawa alipiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama. Kinyozi akacheka huku analia, akamkumbatia Waya na kompyuta yake, kisha akashika njia ya hospitali na aproni yake shingoni.

Tarumbeta akamkimbilia, akamsihi angalau watoto wakikua wasiende kwa wapinzani.

"Kamuulize mama yao," Kinyozi akamjibu bila kusimama. "Kwenye timu ile mimi sina namba."