Kioo Kilichoomba Sukari

Laini alisimama nje ya saluni akijifanya anasoma bei za kusuka zilizobandikwa mlangoni. Macho yalikuwa kwenye bei, masikio yalikuwa ndani.

"Sema ukweli wa Mungu," mwenye saluni alikuwa anamwambia mteja. "Mimi na huyu binti, nani mzuri?"

Binti mwenyewe, mtoto wa kambo wa huyo mama, alikuwa palepale anasuka. Mteja, ambaye nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imesimama kama jogoo aliyeshtuka, alipima hali yake.

"Wewe, mama. Hata hilo ni la kuuliza?"

Laini akatabasamu. Wako watu wakiona kidonda hukimbilia dawa. Yeye alikimbilia bei.

Kesho yake alirudi na kioo kirefu kilichofunikwa shuka jeupe kama bibi harusi.

"Habari yako, dada."

Hapa tusimame kidogo kumheshimu fundi. Mwenye saluni alikuwa na umri wa kumzaa, na adabu ilidai shikamoo. Lakini Laini hakuwahi kumpa shikamoo mwanamke aliyepaka wanja kabla ya kunywa chai. Neno "dada" lilimwingia mama yule mpaka kwenye nyayo.

"Mimi ni fundi wa vioo, na hiki hakisemi ila ukweli," Laini akanong'ona. "Kiulize. Ila kina haya mbele ya wanaume, ngoja nitoke."

Akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha chai, mahali ambapo dirisha la saluni lilionekana lote. Nyuma ya kioo alikuwa amebandika simu kuukuu inayojipokea yenyewe. Akapiga.

"Kioo," mama akauliza, "nani mzuri kuliko wote?"

"Wewe uliyevaa kijani," kikajibu kioo kwa sauti nzito. "Na hiyo rangi imekukubali."

Mama akavuta kiti, akakaa mbele yake.

Tangu siku hiyo Laini alikula vizuri. Kioo kilihitaji kupanguswa kwa kitambaa maalumu, na kitambaa maalumu alikuwa nacho nani? Kilihitaji marashi maalumu pia, na tayari kilikuwa kimeanza kuulizia dhahabu iliyo kabatini. Mama alilipa bila kupumua, na wateja waliosubiri kusukwa walisubiri zaidi, kwa kuwa mwenye saluni alikuwa na mazungumzo.

Ikawa asubuhi moja, katikati ya sifa za shingo yake, kioo kikasema, "Mbona haina ladha? Ongeza sukari."

Kule kibandani Laini aliuma ulimi, kikombe mkononi.

"Sukari?" mama akauliza.

"Ndiyo," kioo kikajikaza. "Ukweli ni mchungu, mwanamke. Nami unanipitia kooni kila siku."

Jioni ile palikuwa na bakuli la sukari chini ya kioo, na sisimizi waliopanga foleni ndefu kuliko ya wateja. Mama alifurahi. Binti hakufurahi wala hakukasirika. Alitazama dirishani, akamwona mtu ng'ambo ya barabara anaongea na simu huku anakoroga chai, akakumbuka kwamba kazi ya kusuka inahitaji uzi, na uzi unauzwa nje.

"Kaka," akamwambia alipofika, "kioo kinakunywa vikombe vingapi kwa siku?"

Laini alipaliwa. Alipomaliza kukohoa akauliza taratibu, "Unataka nini?"

"Kutoka. Nikiomba mwenyewe hataniachia, nani atamsukia? Kioo kikisema nipelekwe mbali, nitapelekwa na nauli juu."

"Basi tu?"

"Basi tu. Ile dhahabu unayoinyemelea, beba. Ila mama ana jicho la kuchungulia. Kioo kiseme mfuko ushonwe, usifunguliwe mpaka ufike kwa sonara."

Laini akamtazama kwa mapenzi ya kikazi. Msichana ana kichwa! Alisikitika kwamba hatapata nafasi ya kumfundisha.

Dhahabu yenyewe ilikuwa mikufu na bangili za marehemu mama yake binti. Mwenye saluni alizirithi kwa njia nyepesi kabisa: alifunga kabati, akaweka ufunguo kifuani.

Kesho yake kioo kikalia. "Naona ukungu! Huyo binti akiwa karibu nachanganyikiwa, jana nusura nitaje jina lake."

"Mungu wangu!"

"Mpeleke mbali leo hii, mpe na nauli. Nami nivishwe fremu ya dhahabu, niwe nakuona wewe tu. Dhahabu ishonwe kwenye mfuko, fundi aipeleke kwa sonara."

"Nani aishone?"

Laini hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Anayejua sindano," akasema.

Mama akafungua kabati, akamimina kila kitu kwenye mfuko wa kitambaa, akamkabidhi binti, mtu pekee aliyejua sindano. Kisha akageukia kioo kuuliza habari za pua yake. Kioo kikajibu kwa urefu, kwa moyo wote, na binti akashona kwa utulivu nyuma ya pazia.

Kufikia mchana kila mtu alikuwa safarini. Binti alipanda basi la kaskazini, Laini la kusini, mfuko mapajani, mzito na mtamu. Kwenye chumba cha nyumba ya wageni alikata nyuzi kwa meno. Zikamwagika koki mbovu, kufuli mbili za shaba na vibanio vya nywele.

Alikaa kitandani akivitazama. Polisi angewaambia nini? Kilichobaki ni kisasi. Akaipigia ile simu ya nyuma ya kioo.

"Mama! Mimi si kioo, ni fundi! Nilikuwa nakudanganya! Dhahabu ameondoka nayo binti!"

Mwenye saluni alisogea, akaweka sawa kitambaa cha kichwa. "Hebu tulia. Kwanza niambie, nani mzuri kuliko wote?"

"Yeye!" Laini akapasua koo. "Yeye, tangu mwanzo, na mji mzima unajua!"

Kikavuma kiti, kioo kikavunjika. Simu ikakatika.

Mpaka leo mama huyo akiulizwa habari za ile nafasi tupu ukutani, hutikisa kichwa kwa huzuni. Anasema kilikuwa kioo kizuri, cha kweli kabisa, mpaka siku kilipoanza uongo. Anamsubiri fundi arudi na fremu, amletee kingine.